Waliokaa Mlangoni

Katika Buganda ya karne ya kumi na tisa, na baadaye kidogo katika Buhaya, mtu aliyevutwa na dini mpya hakusemwa kuwa ameamini. Alisemwa kuwa anasoma. Waganda waliwaita watu hao abasomi, yaani wasomaji, na neno lenyewe, kama wajuzi wa lugha wanavyoeleza, lilipanda huko kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara, katikati ya marobota ya nguo na shanga. Wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa Waislamu. Kabaka Mutesa, aliyefunga Ramadhani miaka kadhaa, ndiye yule yule aliyeamuru mwaka 1876 makumi ya vijana wauawe, kwa kuwa walikataa nyama ya mchinjaji wake asiyetahiriwa na wakaona kusali nyuma ya mfalme wa namna hiyo si halali. Basi Wakristo walipofika walilikuta neno limekwisha kulipiwa damu.

Nimeanzia hapo kwa sababu mimi ni mtu wa kisiwani, tena si wa dini ninayoiandikia, na nilitaka kwanza kuushika uzi unaotufikia sisi. Huku kwetu mtoto akipelekwa chuoni twasema anasoma, na hatuna haja ya kutaja anasoma nini. Kusoma ni kukaa chini mbele ya mwalimu, kuitikia, kukosea, kurudia. Mzee aliyenifunza bahari za ushairi (sikupata darasa jingine la fasihi maishani mwangu) alinikataza kutunga muda wa miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza, kunakili, na kumwagia maji miche yake ya mikarafuu. Nilimwona mkali. Leo nikiambiwa kuwa kuna dini iliyomweka mtu mzima mlangoni miaka minne kabla ya kumwambia karibu ndani, sishangai kama wanavyoshangaa wengine.

Lakini siku ile Muleba nilishangaa. Nilikuwa nimealikwa katika harusi ya mtoto wa rafiki, na Jumapili, ambayo wao huiita Dominika, nikafuatana na wenyeji wangu hadi kanisani kwa heshima ya nyumba. Padre alipomaliza mahubiri, watu kama kumi na watano waliinuka kutoka viti vya mbele, wakainamishiwa maneno mafupi ya baraka, kisha wakatoka nje nyuma ya mwalimu wao, huku wengine wote wakibaki. Miongoni mwao alikuwamo mzee mwenye fimbo aliyenizidi umri kwa miaka ishirini. Nilidhani wametenda kosa. Nikamnong’oneza rafiki yangu, “Wamefukuzwa?”

“Hapana, ndugu yangu. Ni wakatekumeni. Sehemu inayofuata bado si yao. Wanangoja Pasaka.”

Kutoka dirishani niliwaona wameketi kwenye mabenchi chini ya mti, karibu na migomba, yule mzee akiwa katikati, fimbo magotini, wakimsikiliza mwalimu. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma historia ya hao wanaotoka nje. Vitabu vingi juu ya Kanisa la Kagera ni historia ya waliokuwa ndani: maaskofu, mapadre, masista, majengo. Hao wanastahili sifa zao. Lakini Kanisa hilo lilijengwa zaidi mlangoni, na watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa na ruhusa ya kuupita.

Anayehusika na urefu wa kungoja huko ni Mfaransa mmoja, Charles Lavigerie. Kabla hajawa Askofu Mkuu wa Algiers mwaka 1867 alikuwa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, na jambo hili lataka kukumbukwa, kwa maana mwanahistoria akipewa madaraka huwa na hamu ya kuwafufua wafu. Mwaka 1868 aliunda shirika la wamisionari ambao watu wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya mavazi yao: kanzu nyeupe na burnusi kama za Waarabu wa Algeria, na tasbihi shingoni. Msafara wao wa kwanza kwenda maziwa makuu ulipita Unguja na Bagamoyo mwaka 1878. Mtu aliyewaona wakishuka forodhani bila shaka aliwatazama mara mbili.

Huko Bagamoyo waliwakuta ndugu zao wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuja Unguja mwaka 1863 na kuhamia bara mwaka 1868. Hao walikuwa na njia nyingine. Wakristo wao wa mwanzo walikuwa kwa wingi watumwa waliokombolewa, aghalabu watoto, walionunuliwa, wakalelewa, wakabatizwa, wakaozwa na kukalishwa katika vijiji vya misheni. Mapadre Weupe nao walikuwa na nyumba za watoto wa namna hiyo, kama ile ya Kipalapala karibu na Tabora. Lakini mtoto aliyenunuliwa hana pa kwenda. Ukimbatiza leo au kesho, yu mikononi mwako. Lavigerie alikuwa akiwafikiria watu huru, wenye wazee wao, mashamba yao na wafalme wao, ambao wangeweza kuondoka siku yoyote. Mtu wa namna hiyo, aliona, lazima apewe muda wa kuondoka. Asipoondoka, ndipo aingizwe.

Basi akalitoa kaburini jambo la kale. Katika karne za mwanzo Kanisa liliwafunza watu wazima kwa miaka; maandishi yanayonasibishwa na Hippolytus wa Roma yataja mitatu, na kabla ya hiyo mtu aliulizwa kazi yake ni ipi na anaishi na nani. Afrika ya Kaskazini ndiko mambo hayo yalikostawi. Augustino mwenyewe alitiwa alama ya mkatekumeni utotoni, akabatizwa Milano siku ya Pasaka mwaka 387, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Yapata mwaka 400 alimwandikia kijitabu shemasi mmoja wa Karthago aliyelalamika kwamba anapowafunza wageni maneno yake humchosha hata yeye mwenyewe. Shemasi huyo aliitwa Deogratias. Mwenye kukaa Kagera wiki moja tu atakuwa amekutana na Deogratias wawili au watatu, mmoja pengine akiwa dereva wa basi lake. Na Karthago ile ile, mwaka 1884, ilipewa Lavigerie kuwa Askofu Mkuu wake.

Huko Ulaya mambo haya yalikuwa yamekufa zamani, maana watu walipokuwa wakibatizwa wachanga hapakuwa na wa kungoja. Amri ya Lavigerie kwa vijana wake wa maziwa makuu ilikuwa miaka minne. Miwili ya kwanza mtu alikuwa mwombaji tu: alifunzwa kwamba Mungu ni mmoja, ndiye muumba, ndiye mwamuzi, kwamba roho haifi, kwamba kuna haki na dhuluma. Miwili ya pili aliitwa mkatekumeni, akafunguliwa zaidi, walakini mambo ya ndani, na hasa Ekaristi, yaliwekwa nyuma mpaka karibu na siku yenyewe. Ambaye yu katika hatari ya kufa alibatizwa mara moja. Wengine wote, wakae.

Mapadre hawakumtii upesi. Padre Lourdel na mwenzake Bruda Amans walifika Buganda Februari 1879. Tarehe 27 Machi 1880 wanne wa kwanza walikuwa wamekwisha kubatizwa, na Lavigerie alikasirika. Nadhani namwelewa Lourdel. Mtu amevuka bahari na nyika, ameketi na kijana mwerevu kila jioni kwa mwaka mzima, kijana anaomba, nawe unaambiwa ngoja. Lakini mwaka 1882 mapadre walikimbia kwenda Bukumbi, kusini ya ziwa, wakakaa huko hadi 1885, na wakati huo ndipo ilipoonekana thamani ya kungoja. Wasomaji walibaki peke yao. Hawakuwa na Misa wala padre. Wakafunzana. Aliyejua swali na jibu lake alimfundisha asiyejua, katika nyumba za watumishi wa kasri, usiku, kwa sauti ya chini. Mapadre waliporudi walikuta wasomaji wameongezeka.

Mwisho wake unajulikana. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake juu ya vijana wa kasri, alikwenda kubatizwa. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake vijana kadhaa waliokuwa bado katika masomo, akiwamo Kizito, mdogo wao. Padre hakuwapo. Kisha Namugongo, tarehe 3 Juni. Na katika wale ishirini na wawili waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyekufa akiwa mkatekumeni, hajatiwa maji. Kanisa lina maelezo yake: damu ni ubatizo. Mimi mshairi natazama tu kwamba katika orodha ya watakatifu yumo mtu ambaye, kwa hesabu ya duniani, hakuwahi kuupita mlango.

Kutoka huko habari yashuka hadi Kagera. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na bunduki za Maxim za Kapteni Lugard zikaamua. Askofu Jean-Joseph Hirth alikimbia na watu wake, akavuka upande wa Wajerumani, ambao tangu mwishoni mwa 1890 walikuwa na boma Bukoba lililoanzishwa na Emin Pasha. Mwaka huo wa 1892 akasimamisha misheni Kashozi, kaskazini ya mji, katika vilima vya migomba. Kagondo, iliyo katika Muleba ya leo, ilifuata baadaye. Mwaka 1904 ikaja seminari ya Rubya, nayo Muleba, katika nchi ya Ihangiro, ambako tarehe 15 Agosti 1917, vita vikiwa bado vyaunguruma, waliwekwa wakfu mapadre wanne, wa kwanza wazalendo katika nchi iliyokuja kuwa Tanzania.

Wamisionari walifika Kashozi, basi, wakiwa wakimbizi, nao hawakufika peke yao. Walikuja na Waganda waliokwisha kupita mlangoni, na hao ndio waliokuwa walimu. Mhaya wa kwanza kufunzwa hakumsikia Mzungu. Alimsikia Mganda, tena kwa Kiganda. Kwa miaka mingi Kiganda kilikuwa lugha ya sala katika Buhaya, kwa Wakatoliki na hata kwa Waprotestanti, ambao nao walianza kusoma chini ya wenyeji waliojifunza Uganda kabla ya wamisionari wa Bethel kuja mwaka 1910. Mtu alikariri katika lugha ya jirani maneno ya kumwokoa. Lugha hizo mbili ni ndugu, lakini ndugu nao hutofautiana: Mganda husema okusoma, Mhaya husema okushoma. Sauti moja tu imehama, na kwa mfasiri hiyo ni habari kubwa. Yaonyesha kwamba neno lililotoka pwani lilikuwa limekwisha kuvuliwa viatu na kuketi jikoni.

Nimejaribu kufikiri kwa nini Wahaya, watu wenye fahari na wenye wafalme wao, wale wanaoitwa abakama, walikubali kukaa chini miaka minne mbele ya mkimbizi. Wanaoeleza kwa mambo ya siasa tu wana sehemu ya haki: palikuwa na Wajerumani, palikuwa na kodi, na misheni ilikuwa kimbilio. Lakini naona kuna jingine. Buhaya haikuwa nchi isiyojua kungoja. Walikuwako embandwa, wahudumu wa Wamara, wa Irungu wa porini, wa Mugasha mwenye ziwa, na mtu hakuamka asubuhi akawa mmoja wao. Aliingizwa, akafunzwa yaliyofichwa kwa wengine, akatoka mtu mwingine. Kulikuwako udugu wa damu: wawili waligawana punje za buni zilizopakwa damu ya miili yao, wakatafuna, na tangu hapo hawakuweza kudhulumiana. Mtu aliyekulia katika nchi hiyo akiambiwa kuna undugu ambao siri zake hupewa kwa daraja, na kwamba mwisho wake ni chakula, hakuambiwa jambo geni kabisa. Geni lilikuwa hili: kwamba mlango huo uko wazi kwa mtumwa na kwa mwana wa mkama, kwa mume na kwa mke, na kwamba wote huketi katika benchi moja.

Kila kijiji kilichokuwa na wasomaji wa kutosha kilipata kibanda, na kibanda kilipata mwalimu wake. Hicho ndicho wanachokiita kigango. Msomaji wa pwani atatabasamu, kwani kwetu vigango ni zile nguzo za mbao walizochonga Wamijikenda kwa ajili ya wafu wao. Huko bara kigango ni nyumba ya sala isiyo na padre, chini ya mwalimu wa dini, yaani katekista, ambaye aghalabu ni mkulima mwenye kahawa yake na migomba yake, mwenye mke na watoto, na ujira ambao afadhali tusiutaje. Padre alipita mara chache kwa mwaka. Katekista alikuwako mvua na jua. Ndiye aliyejua kama fulani kweli ameacha kupiga watu, au kama fulani bado aenda kwa mganga usiku. Mwisho wa miaka minne padre aliuliza maswali ya kitabu, na mengineyo alimuuliza katekista. Miezi ya mwisho mara nyingi wangojao walihamia karibu na misheni, wakala walichobeba kutoka nyumbani, wakasoma asubuhi na kufanya kazi mchana.

Walisoma vipi? Kwa moyo, kwa pamoja, kwa sauti. Swali lilitolewa na mmoja, jibu likarudi na wengi. Wasomi wa siku hizi huyadharau mafunzo ya kukariri, wakayafananisha na kasuku. Sikubaliani nao, na wapenzi wa tungo wanaosoma kurasa hizi nadhani watakuwa upande wangu, kwani ni nani kati yetu aliyefahamu utenzi kabla hajauhifadhi? Ajabu ni kwamba neno lenyewe lakiri hivyo. Katekumeni ni Kiyunani, na shina lake ni kutoa sauti, kuifanya ivume masikioni mwa mtu. Ndani yake limo lile neno ambalo mataifa mengi ya Ulaya hulitumia kwa mwangwi. Mkatekumeni ni mtu anayetiwa sauti mpaka iitikie kutoka ndani mwake. Wafasiri wetu wa Kiswahili walichukua msalaba, imani, roho na sala kutoka hazina ya Kiarabu, padre kutoka kwa Wareno, lakini katekumeni hawakumgusa. Wamemwacha na Uyunani wake, wakamvika kiambishi tu, m na wa. Kama ningalikuwako ningaliwashauri wajaribu mwangwi. Wasingalinisikiliza.

Neno moja, hata hivyo, wamelipatia sana. Kwetu pwani somo ni mafunzo, lakini pia ni yule mwanamke anayemfunza mwali mambo ya utu uzima, na ni mtu mwenye jina moja nawe. Wakatoliki wa Tanzania humwita somo yule mtakatifu ambaye mtu hupewa jina lake katika ubatizo. Maana zote tatu zimeingia katika chungu kimoja. Na pembeni ya somo wa mbinguni yuko msimamizi wa duniani, mwanamume au mwanamke, anayesimama nyuma ya mkatekumeni na kumwekea mkono begani wakati wa kutiwa maji, kama asemaye, huyu namjua.

Mpaka hapa nimesifu. Sasa nirudi kwa yule mzee mwenye fimbo, ambaye baada ya ibada nilipelekwa kumsalimu. Tulipewa kahawa. Nilimuuliza, kwa adabu niliyoiweza, imekuwaje achelewe hivyo, ilhali watoto wake wote, na wajukuu, wamebatizwa zamani.

“Nilikuwa na nyumba mbili, mwanangu,” akasema. “Padre alisema nichague. Nikasema sichagui. Mdogo amekufa mwaka juzi. Sasa hakuna wa kuchagua.”

Hakuongeza neno, nami sikuthubutu kuuliza zaidi. Sheria aliyoikataa ni ya kale. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu, akiwafikiria watu wa Amerika, aliamua kwamba mume wa wake wengi anayetaka ubatizo abaki na yule aliyemwoa kwanza, na ikiwa hakumbuki wa kwanza ni yupi, amchague mmoja. Hebu itazame sheria hiyo kutoka upande wa yule ambaye hakukumbukwa. Katika Buhaya ya misheni za mwanzo, mwanamume aliyefika mwisho wa miaka yake minne alikuja mlangoni na mke mmoja. Na nyuma yake, katika barabara ile ile, alikuwako mwanamke anayerudi kwa kaka zake, pengine na mtoto mgongoni, ambaye hakuwa ametenda kosa lolote ila kuolewa wa pili. Tarehe ya ubatizo wa mume iliandikwa katika daftari la misheni. Tarehe ya mwanamke huyo kuondoka haikuwa na daftari.

Lakini mlango ule ule uliwafungulia wanawake wengine. Wako wasichana waliokimbilia misheni ili wasiozwe kwa nguvu, wajane waliokataa kurithiwa, waliopata kusoma na kukaa pamoja bila mume na bila kuonewa haya. Mswidi Birgitta Larsson aliandika juu ya wanawake hao wa kaskazini magharibi ya Tanzania kitabu kilichotoka mwaka 1991, akauliza kama uongofu uliwapa uhuru mkubwa zaidi, na katika jina la kitabu akaacha alama ya kuuliza. Nimeifikiria sana alama hiyo. Naona aliiweka mahali pake, wala sioni aliye na haki ya kuifuta.

Wazee wengi wenye nyumba mbili hawakungoja hadi mke afe. Walikaa mlangoni maisha yao yote, wakija Dominika, wakitoa ndizi na kahawa, wakijenga kigango kwa mikono yao, kisha wakabatizwa kitandani na katekista, pumzi zikihesabika. Kuna waliosema huo ni werevu. Mimi sijui werevu gani unaotaka miaka arobaini ya kuketi mlangoni.

Katika watu wazima waliomaliza masomo yao Muleba, kuna mume na mke wawili wa ukoo wa kitawala ambao historia ina sababu ya kuwakumbuka. Walibatizwa tarehe 19 Machi 1921, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na pamoja nao mtoto wao wa miaka minane, aliyezaliwa Bukongo tarehe 12 Julai 1912. Mtoto akapewa jina la Laurean. Huyo ndiye Laurean Rugambwa: padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kufikia daraja hilo katika nyakati zetu. Wanaomwandika huanza na seminari ya Rubya. Mimi ningeanza na benchi la wakatekumeni, na mtoto anayewasikia baba yake na mama yake, watu wazima, watu wa heshima, wakiulizwa maswali na kujibu kwa sauti mbele ya majirani. Si wakuu wengi wa Kanisa wa zama zake waliopata kuona hilo. Wenziwe wa Roma, Paris na New York walibatizwa wakiwa na siku chache tu, na wazazi wao vivyo hivyo.

Tarehe 4 Desemba 1963, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mababa wa Kanisa walipitisha hati juu ya liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ndani yake limo agizo fupi: ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, uwe na hatua kadhaa. Rugambwa alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo. Ulaya, ambako watu wazima wasiobatizwa walikuwa wameanza kuonekana tena, ilikuwa ikitafuta namna ya kuwapokea, na namna hiyo ilikuwako Kashozi na Rubya kwa muda wa miaka sabini. Wanahistoria wa liturujia hukiri kwamba mazoea ya misheni za Afrika yalisaidia kuifufua. Tarehe 6 Januari 1972 Roma ilitoa taratibu mpya, ambazo ndizo zinazofuatwa hadi leo, Bukoba kama Lyon.

Nizitaje kwa ufupi, kwa kuwa zina uzuri wake. Mtu hupokelewa mlangoni, kweli kweli mlangoni, na kutiwa alama ya msalaba katika paji la uso, kisha masikio, macho, midomo, kifua, mabega. Dominika ya kwanza ya Kwaresima huteuliwa, na jina lake huandikwa. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano huombewa, na Injili zinazosomwa ni za mwanamke wa kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Kiu, giza na kaburi, kwa mpango huo. Hukabidhiwa Kanuni ya Imani na Baba Yetu, aziseme kama zake. Usiku wa mkesha wa Pasaka moto huwashwa nje, maji hubarikiwa, naye huingia. Siku hizi kungoja ni kama mwaka mmoja au miwili, kwa kadiri ya jimbo na parokia. Wazee wa Muleba huwaambia vijana kwamba mmerahisishiwa.

Rugambwa alihamishiwa Dar es Salaam kuwa Askofu Mkuu mwaka 1968, akafariki tarehe 8 Desemba 1997. Mahali pake pa kuzikwa palikuwa kanisa kuu la Bukoba, lakini kanisa hilo lilikuwa katika ujenzi, halikuwa tayari. Walimpeleka Kashozi, katika kanisa dogo la wamisionari wa kwanza, wakamweka huko kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka kumi na minne na miezi kadhaa. Mwaka 2012 kazi ilipomalizika, mwili wake ulichukuliwa kutoka Kashozi, ukashushwa kwa njia ya vilima hadi mjini, na milango ya kanisa kuu ikafunguliwa.